BARAKOA SI UTUMWA, WALA FIMBO SI DAWA

Yako mambo madogo ambayo hugombanisha watu wazima mpaka wakanyimana salamu, na kipande cha kitambaa cha kufunika pua na mdomo ni moja katika mambo hayo. Maradhi ya korona yaliyoingia nchi zetu mwezi wa Machi 2020 yametulia, na Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya hatari ya dunia nzima imekwisha. Lakini ugomvi wa barakoa haukwisha. Hata leo mtu akipanda basi amefunika uso, hawakosi watakaomcheka na kumwuliza kama anaogopa kufa. Na hawakosi wengine watakaomkazia macho yule asiyefunika kana kwamba amebeba kisu. Sisi twaona pande zote mbili zimekosea, lakini hazikukosea sawasawa, na leo twataka kusema kwa nini.

Kwanza tuliondoe njiani neno moja. Wapo wananchi wenzetu, na baadhi yao ni watu wa heshima, wanaosema kuwa barakoa ni jambo la Wazungu, tumeletewa ili tuonekane watumwa. Haya si kweli hata kwa jina. Barakoa ni neno la zamani la pwani yetu. Mabibi wa kiungwana wa Unguja na wa Omani walikuwa wakivaa barakoa zao zamani sana, kabla hakujatajwa kirusi wala daktari wa kirusi. Na kama ni barakoa ya kukinga maradhi ndiyo isemwayo, basi msomaji asikilize habari ya Harbin.

Mwisho wa mwaka 1910 tauni ilizuka katika nchi ya Manchuria, kaskazini ya China. Serikali ya China ilimpeleka huko daktari kijana aitwaye Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang katika Malaya, aliyekuwa amesoma Cambridge. Madaktari wa Kizungu waliokuwa huko walishika elimu waliyoijua, kwamba tauni huletwa na panya na viroboto. Wu alipasua maiti, akatazama mapafu, akasema: la, tauni hii inapita katika pumzi, kutoka mtu kwa mtu. Akaamuru watu wavae vitambaa vya shashi vilivyotiwa pamba ndani. Daktari mmoja Mfaransa, Gérald Mesny, mtu mzima na mwenye cheo, hakukubali kufundishwa na Mchina. Aliingia wodini uso wazi. Hazikupita siku nyingi, mwezi wa Januari 1911, akafa kwa tauni ile ile. Watu kama 60,000 walikufa kabla maradhi hayajakomeshwa mwaka huo, na tangu hapo hapakuwa na Mzungu aliyecheka kitambaa cha Wu. Basi ikiwa tunatafuta jambo la kiburi cha kikoloni katika habari ya barakoa, jambo lile liko upande wa aliyeikataa.

Tumelisema hilo kwa urefu kwa sababu tunajua wasomaji wetu. Wengi wetu tumefundishwa na maisha kuyashuku mambo yatokayo Ulaya, na kushuku ni akili. Lakini kushuku bila kuuliza ni uvivu uliovaa nguo za uzalendo.

Sasa, je, barakoa inafaa kitu? Mtu mwaminifu hawezi kujibu kwamba inazuia kila kitu, wala kwamba haizuii chochote. Jaribio kubwa kuliko mengine yote tunayoyajua lilifanywa vijijini Bangladesh, kati ya mwisho wa 2020 na 2021, katika vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 300,000. Nusu ya vijiji vilipewa barakoa bure, watu wakaelezwa, na wakakumbushwa sokoni na msikitini. Nusu nyingine viliachwa kama vilivyokuwa. Penye barakoa, wagonjwa wenye dalili na waliothibitishwa kwa kupimwa damu walipungua kwa sehemu kama 9 katika 100. Si nyingi, mtu atasema. Lakini katika vijiji vilivyopewa barakoa zile za hospitali, wazee wenye miaka 60 na zaidi walipona kupita wote: kwao wagonjwa walipungua kwa sehemu 35 katika 100. Barakoa za kitambaa cha kawaida zilionyesha nguvu kidogo tu, na haifai kulificha hilo.

Sisi twauliza: mzee mmoja katika kila watatu waliokuwa waugue, haugui, je, huyo si baba yako? Si bibi yako aliyekulea? Korona ilikuwa ikiwapita vijana ikawachukua wazee. Kijana mwenye nguvu aliyekuwa akijifunika katika daladala hakuwa akijilinda yeye. Alikuwa akimlinda mama aliyeketi mbele yake, asiyemjua jina. Mtu aweza kuuita woga ule, lakini kwetu sisi tulikuzwa kuuita adabu.

Lakini hatutakuwa watu wa haki tukiwalaumu wananchi peke yao, maana wakubwa nao walisema maneno mengi yasiyofuatana. Mwezi wa Februari 2020 mkuu wa madaktari wa Serikali ya Marekani aliwaambia watu wake waache kununua barakoa kwani haziwafai. Tarehe 3 Aprili mwaka huo huo Serikali ile ile ikawaambia wajifunike. Shirika la Afya Ulimwenguni halikuwashauri watu wazima wa afya kujifunika mpaka tarehe 5 Juni 2020. Kubadilisha rai baada ya kujua zaidi si aibu. Aibu ni kwamba sababu moja ya maneno yale ya kwanza ilikuwa upungufu: barakoa zilikuwa chache na wauguzi walizihitaji. Basi kwa nini hawakusema hivyo? Mwananchi akiambiwa, "Ndugu, ziko chache, waachie wauguzi," ataelewa. Akiambiwa hazifai, kisha keshokutwa akaamrishwa azivae, ana haki ya kununa.

Na huku kwetu? Kila Serikali ilishika njia yake, na ingefaa tuziangalie moja moja bila ya kufichana.

Ndugu zetu wa Kenya walitungiwa sheria mwezi wa Aprili 2020: asiyevaa barakoa mahali pa watu, faini hadi shilingi 20,000 au kifungo hadi miezi sita. Shilingi 20,000 za Kenya ni fedha ambazo vibarua wengi wa Nairobi hawazioni kwa mwezi mzima. Sheria kama hiyo haimwogopeshi mwenye gari. Inampa askari njia ya kuingiza mkono mfukoni mwa muuza mitumba. Na palipokuwa na fimbo, damu haikukosa kumwagika. Mwezi wa Juni 2020, huko Lessos katika kaunti ya Nandi, ugomvi wa polisi na mwendesha bodaboda, ambao iliripotiwa ulianza kwa habari ya barakoa, uliishia kwa watu watatu kupigwa risasi wakafa. Watatu! Kwa ajili ya kitambaa ambacho kazi yake ni kuokoa roho.

Rwanda walikamatwa watu wasiojifunika wakalazwa viwanjani usiku kucha, wakisomewa mafunzo ya afya. Twajua kuwa wenzetu wa Kigali wanajivunia nidhamu yao, na wana mengi ya kujivunia. Lakini kuwakusanya watu mamia kwa mamia ili uwafundishe wasikusanyike, hilo akili yetu haikulimeza. Uganda walichukua njia nyingine: Rais Museveni alitangaza mwezi wa Mei 2020 kwamba Serikali itampa barakoa bure kila mtu mwenye miaka 6 na zaidi. Ugawaji ulikwenda polepole, na watu walinung'unika, lakini shabaha ilikuwa njema: ukitaka mtu avae, mpe.

Tanzania sisi hatukupiga mtu kwa ajili ya barakoa, na kwa hilo tunashukuru. Lakini tulikuwa na kosa la namna yetu. Takwimu zilisimama mwezi wa Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo zaidi ya mwaka mzima. Watu walijifukiza nyungu, walinawa kwa ndoo za maji milangoni, walisali. Yote hayo hatuyabezi. Hata hivyo mtu hawezi kuamua avae au asivae ikiwa hajui kama maradhi yako mtaani kwake. Mwisho wa Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilisema wazi kuwa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona. Tarehe 17 Februari akafariki. Siku chache baadaye Rais Magufuli, Mungu amrehemu, alisema kuwa Serikali haikukataza barakoa, ila wananchi wachague zile zilizotengenezwa hapa nyumbani. Neno lile lilisikiwa vizuri na wengi, lakini lingesemwa miezi minane mapema lingewafaa zaidi. Alipoingia Rais Samia Suluhu Hassan mwezi wa Machi 2021, wananchi walimwona amejifunika mbele ya watu, na bila ya amri wala faini wengi nao wakafunika. Kiongozi akitenda, maneno yanapungua.

Watakuwapo watakaotuambia: bila ya fimbo Mwafrika hasikii. Sisi maneno haya tuliyasikia zamani kutoka kwa Bwana Shauri, na hatukudhani tutayasikia tena kutoka kwa mtoto wa nchi. Vijiji vile vya Bangladesh havikupigwa. Vilipewa, vikaelezwa, na waliovaa wakapanda kutoka 13 katika 100 hadi 42 katika 100. Ni kweli kuwa hata hivyo wengi hawakuvaa, na kampeni ilipokwisha wengine waliacha. Lakini faida yote tuliyoitaja huko juu ilipatikana kwa hao 42, bila ya risasi hata moja.

Wala hatusemi watu wafunikwe nyuso saa zote. Mkulima peke yake shambani, mvuvi ngalawani, watoto wanaokimbizana uwanjani, hawa kuwavisha barakoa ni kuwaonea. Viziwi husoma midomo. Mwalimu wao akijifunika amewafungia mlango wa darasa. Maradhi ya pumzi yanapokuwa yameenea, mahali pa kuvaa panajulikana: hospitalini, ndani ya daladala iliyojaa na madirisha yamefungwa kwa mvua, katika foleni ya ofisi isiyo na hewa, katika chumba cha mgonjwa. Na mwenye kikohozi cha kifua kikuu, maradhi ambayo yako nasi leo na yalikuwako kabla ya korona, ajifunike mpaka dawa zimkolee, na asichekwe na mtu.

Liko na jambo la viwanda. Mwaka 2020 nchi nyingi kubwa zilizuia barakoa zisitoke kwao, na wauguzi wetu wakangoja. Wakati huo mafundi cherehani wa Kariakoo walishona barakoa za vitenge na khanga, na kwa kweli walifanya kazi ya sifa. Kitui nako, kiwanda cha nguo cha kaunti, KICOTEC, kiligeuza mashine zake kikashona barakoa za hospitali kwa maelfu. Msomaji mjuzi atasema kuwa barakoa nzuri ya hospitali haitoki katika pamba yetu ya Usukumani bali katika kitambaa cha plastiki kisichofumwa. Ni kweli, na ndipo penye shida: hata pamba tuliyo nayo sehemu kubwa tunaiuza nje bila ya kuisokota, sembuse hicho tusicho nacho. Na fedha zilikuwapo. Kenya, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alionyesha 2020 kwamba bohari ya dawa ya Serikali, KEMSA, ilinunua vifaa vya korona vya karibu shilingi bilioni 7.8 kwa njia zisizofuata sheria, na vingi vikabaki ghalani kwa kuwa bei yake ilipita ya sokoni. Mwananchi alitozwa faini kwa kukosa barakoa, na barakoa zimelala bohari!

Maradhi mengine ya pumzi yatakuja. Hakuna daktari anayelikana hilo. Kwa hiyo tunaiuliza Wizara ya Afya maswali matatu, na tutafurahi kuyachapa majibu yake katika ukurasa huu huu. Bohari ya Dawa ina barakoa ngapi za hospitali leo, na zitawatosha wauguzi wa zahanati za vijijini kwa miezi mingapi? Kiwanda kipi hapa nchini kinaweza kutengeneza nyingine bila ya kungoja meli? Na siku maradhi yatakapoingia, nani atatuambia idadi ya wagonjwa, na siku gani ya juma?