Umeifuta, Lakini Ipo
Mpiga picha wa harusi hufuta kwa pupa: vigelegele vinaendelea, kadi imejaa, maharusi wanakata keki, naye kidole kiko kwenye alama ya pipa la taka. Kwa kawaida kinachofutika hapo ni kumbukumbu ya faili kwenye orodha ya kadi; picha yenyewe hubaki mpaka nyingine iandikwe juu yake. Ndiyo maana programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuifufua, mradi uache kupiga papo hapo. Hata kufomati ndani ya kamera mara nyingi husafisha orodha tu. Kwa hiyo anayeuza kamera ya mtumba pamoja na kadi yake anauza na picha za sebule yake. Baki na kadi yako; mnunuzi akanunue mpya dukani.