Baba alisoma sayari tisa, mwana anasoma nane: nani arejee?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika nyumba zetu hapa Morogoro hutokea mabishano baada ya sala ya Isha, watoto wanapofungua madaftari. Mtoto husema sayari zinazolizunguka jua ni nane. Baba hukunja uso na kusema: “Sisi tulifundishwa tisa, nyinyi mmeitupa wapi Pluto?” Mara nyingi mshindi huwa ni mwenye sauti kubwa, wala si mwenye hoja. Jambo hili tumeona tusilinyamazie.

Ukweli ni kwamba wote wawili walifundishwa sawasawa, kila mmoja kwa zama zake. Pluto iligunduliwa mwaka 1930 huko Arizona, Marekani, na kijana wa miaka 24, Clyde Tombaugh, ikahesabiwa kuwa sayari ya tisa. Baadaye wataalamu wa falaki walibaini kuwa ni ndogo kuliko hata mwezi wetu, na kwamba haiko peke yake katika njia yake, bali imo katika kundi kubwa la magimba ya barafu. Ilipogunduliwa Eris, inayokaribiana nayo kwa ukubwa, ikabidi ama zote mbili ziitwe sayari, ama isiitwe hata moja. Tarehe 24 Agosti, 2006, wataalamu wa dunia waliokutana Prague waliamua kuiweka Pluto katika daraja la sayari kibete.

Je, kwa uamuzi huo Pluto ilipungua chochote? La hasha! Ingali ikilizunguka jua kwa miaka 248 kila mzunguko, na miezi yake mitano ingali nayo. Mkubwa kati ya hiyo, Charon, una upana wa karibu nusu ya Pluto yenyewe, na viwili hivyo hutazamana uso kwa uso daima. Mwaka 2015 chombo cha New Horizons kilipita karibu yake na kuleta picha za milima ya barafu yenye urefu wa zaidi ya mita 3,000. Sisi tunaoishi chini ya Uluguru, ambayo kilele chake kinapita kidogo mita 2,600, tunaweza kukisia ukubwa wa milima hiyo. Mwanga unaotoka juani wakati wa macheo huifikia Pluto baada ya karibu saa tano, adhuhuri ikiwa inakaribia kwetu.

Basi kilichobadilika si Pluto, bali ni elimu ya wanadamu. Wako wanaosema: “Elimu gani hii isiyotulia? Leo tisa, kesho nane!” Sisi tunaona kinyume chake. Elimu inayokubali kusahihishwa hoja ikidhihiri ndiyo ya kuaminika. Wala jambo hili si geni kwetu wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi. Nani asiyejua kwamba Imam alikuwa na kauli zake za kale alipokuwa Iraq, na kauli mpya alipohamia Misri? Hakuona haya kuirejea kauli yake, na heshima yake haikupungua.

Iweje basi mzazi aone haya mbele ya mwanawe? Mtoto anayenyamazishwa leo kwa jambo alilolisoma sawasawa, kesho hatauliza tena, si la falaki wala la dini yake. Baba akisema, “Mwanangu, hili nilikuwa silijui, nieleze,” hajishushi. Amemfundisha mwanawe kuipokea haki itokapo, hata kwa mdogo.

Pluto haionekani kwa macho matupu, lakini mwezi unaonekana. Ukichomoza, tokeni nje na watoto, wawaeleze walichosoma, nanyi wasikilizeni.

Wabillahi Tawfiq.