Msinitumie Tena Hela za Koilova

Huku Guangzhou tuko salama, joto na mvua vinapokezana, riziki inapatikana. Leo sina picha za chakula wala habari za Maonyesho ya Canton. Leo nina ugomvi, na ninaogombana nao wanajijua.

Tangu mwaka uanze nimeletewa maombi yasiyopungua kumi na moja ya kitu kimoja: koilova. Kwa mama na mashangazi wanaosoma hapa na kujiuliza huo ni ugonjwa gani, koilova ni shokapu iliyovikwa springi yake, mwili wake una nyuzi kama za bolti. Ukizungusha ringi, gari linashuka au linapanda. Inakuja na rangi ya dhahabu, zambarau au nyekundu. Vijana wetu wa Arusha, Dar na Nairobi wanaitaka kwa sababu wana gari moja tu, na hilo hilo wanataka liwapeleke kazini Jumatatu na liwapeleke kwenye mashindano Jumapili: otokrosi ya Jamhuri Park pale Nairobi, au KiambuRing, ile mbio ya kushindana na saa kwenye lami ya Kiambu.

Jibu langu kwa wote ni hapana. Sinunui. Wawili waliokwisha kutuma hela nimewarudishia yote. Sasa kaeni niwaeleze sababu, halafu mkitaka kunitukana mtanitukana mkiwa mnajua mnachotukania.

Kwanza mjue koilova zinauzwaje huku. Kuna barabara inaitwa Yongfu, mitaa mizima ni vifaa vya magari tu. Ukiingia dukani muuzaji anakuuliza aina ya gari, mwaka, na rangi unayoipenda. Basi. Hakuulizi utaendesha wapi. Ukimbana kuhusu ubora anakutajia madaraja: yuanchang, yaani ya kiwanda cha gari lenyewe, fuchang, ya kiwanda kingine, chaichejian, iliyofunguliwa kwenye gari lililokatwa, na gaofang, yaani ya kuiga iliyoigwa vizuri. Angalau lugha yao ina ukweli! Tatizo linaanza pale mzigo unapovuka bahari, maana ukifika Kariakoo au Kirinyaga Road madaraja yote manne yanakuwa jina moja: "orijino". Ving'aavyo vyote si dhahabu, na hii hata dhahabu yake ni ya kupuliza.

Lakini tuseme nimekupatia koilova nzuri kabisa, isiyo ya kuiga. Bado nakataa. Ugomvi wangu mkubwa ni ile imani iliyowaingia kwamba gari gumu ndilo gari la mbio. Gari likilala kwenye kona mnaona aibu, mnataka lisimame wima kama meza. Nani kawaambia kwamba kulala ndiko kunakopunguza mwendo? Ukikata kona, uzito unahamia tairi za nje. Kiasi kinachohama kinategemea uzito wa gari, kimo cha kitovu cha uzito wake, upana kati ya tairi na ukali wa kona yenyewe. Springi ngumu inapunguza kulala, lakini jumla ya uzito unaohama inabaki karibu ile ile. Kazi halisi ya springi na shokapu ni kuhakikisha tairi linagusa chini muda wote. Tairi likiwa hewani halifungi breki wala halikati kona, hata ungekuwa bingwa wa dunia.

Tupige hesabu kidogo, ya darasa la saba tu. Chukua Impreza ya kilo 1,400 hivi. Springi ya pembe moja ya mbele inabeba, tuseme, kilo 320. Ukiweka springi ya kilo 4 kwa milimita, ikibebeshwa huo uzito inashuka milimita 80. Ukiweka ya kilo 8, na nyingi za koilova ninazoziona huku ziko hapo au zaidi, inashuka milimita 40. Sasa gari lipite kwenye shimo lenye kina cha sentimita 6. Ile springi laini bado ina milimita 20 za kusukuma, kwa hiyo tairi linakandamizwa chini kwa kilo 80. Ile ngumu imeishiwa zamani, tairi linaning'inia. Na kama wakati huo huo ulikuwa unakanyaga breki kwa sababu mtoto wa watu kavuka barabara?

Sentimita 6! Niambieni ni barabara gani ya mtaa huko nyumbani isiyo na shimo la sentimita 6. Na matuta je? Kuna vijiji unavipita kwenye barabara kuu, tuta kubwa, halafu matuta madogo manne mfululizo, halafu tuta kubwa tena. Gari lililoshushwa linakwangua tumbo, shokapu inagonga ile raba ya mwisho, na kuanzia hapo huna springi tena, una nyundo. Ikitokea katikati ya kona, gari linateleza ghafla bila kukutaarifu.

Kushusha nako kuna siri wasiyoitaja. Magari mengi ya kwetu mbele yana mkono mmoja wa chini na shokapu iliyosimama juu yake. Ukilishusha kupita kiasi, ule mkono unapinda kuelekea juu, na nguvu ya kulilaza gari kwenye kona inaongezeka badala ya kupungua. Usukani nao unaanza kujivuta kila ukipita kwenye kigongo. Umelipa ili gari liwe bovu zaidi. Na wale wanaokata springi kwa grainda ili kuokoa hela, hao naomba wasinisalimie. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu na fupi, na gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka mahali pake.

Najua mtaniambia, "Mbona wenye mbio zao wanazitumia?" Wanazitumia wapi? Zhuhai, mwendo wa saa mbili hivi kutoka hapa, kuna saketi tangu 1996, zaidi ya kilomita 4 za lami laini isiyo na tuta wala mbuzi. Huko gari gumu lina maana. Gari la mbio hasa linafika juu ya lori, linashushwa, linakimbia, linapandishwa tena. Na barabarani, Sheria ya Usalama Barabarani ya China iliyoanza kutumika 2004 inakataza kubadili muundo wa gari uliosajiliwa bila kibali. Wachina wenyewe wamewekewa mpaka. Nyingine zinapanda kontena kuja kwetu, tukafunge kwenye gari la kupeleka watoto shule.

Na kama mnataka mifano ya mbio, kwa nini mtazame Zhuhai wakati tuna Safari Rally iliyoanza 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika? Impreza hiyo hiyo mnayotaka kuilaza chini ilishinda Safari 1997 ikiwa na Colin McRae, na 2000 ikiwa na Richard Burns. Yale magari yalikuwa yamenyanyuliwa, springi zina mwendo mrefu, shokapu zinameza mashimo. Na mwaka 1993 Subaru walileta kigari kidogo, Vivio, injini ya sisi 660. McRae alikuwa na moja, hakumaliza. Patrick Njiru wa Kenya alikuwa na nyingine, akamaliza wa 12 na kushinda daraja lake. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, mawe yalikuwa yale yale. Barabara zetu zimeshatufundisha shokapu ya kufaa, sisi ndio hatutaki kusoma.

Hoja ya pili: "Lakini kaka, ina kliki 32, naiweka laini mtaani, ngumu kwenye mashindano." Hizo kliki zinabadilisha jinsi shokapu inavyozuia mwendo. Springi haibadiliki. Springi ya kilo 8 ukiizungushia kliki zote 32 itabaki ya kilo 8. Ukilegeza shokapu juu ya springi ngumu, gari linaanza kudunda kama mpira, na hilo ni baya kuliko vyote. Na sili zikivuja mafuta, za kubadilishia utazipata wapi? Mteja wangu mmoja alichukua seti kwenye duka fulani huku, ndani ya miezi minne mbili zimelowa mafuta. Kuzirudisha China kwa ndege kuna gharama karibu sawa na kununua mpya. Sasa zimekaa stoo, zinang'aa.

Haya, mtasema kukosoa ni rahisi. Hivi ndivyo ningefanya, kwa mpangilio huu, kwa mtu mwenye gari moja la mtaani na la mashindano.

Anza na tairi. Ndizo pekee zinazogusa barabara. Ubavuni kuna tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kongwe lenye kashata nzuri bado ni kongwe.

Pili, bushi na bolijointi. Gari la miaka kumi na tano kutoka Japani lina raba zilizokwisha kukauka. Unafunga koilova kwenye bushi zilizokufa? Ni kama kumvalisha mgonjwa suti. Na mwambieni fundi akaze bolti za bushi gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Akizikaza likiwa juu ya jeki, raba inajisokota likishushwa na haidumu.

Tatu, shokapu nne mpya zenye daraja la kiwanda au kidogo zaidi, pamoja na raba zake za juu na za kikomo. KYB ya kweli inatosha watu wengi. Mwenye uwezo aende Bilstein au Koni. Usibadilishe upande mmoja tu, badilisha kwa jozi.

Nne, wili alaimenti ya mashine. Magurudumu ya mbele yaegemee ndani kidogo, digrii moja hadi moja na nusu, na yaelekee mbele karibu sawa kabisa. Impreza na Forester zina bolti ya kurekebisha hilo pale chini ya shokapu, haihitaji kununua kitu. Watu wengi hapo wataona gari jingine kabisa.

Tano, kama bado hujaridhika, stabilaiza nene kidogo ya nyuma kwa gari linalogoma kukata kona. Inapunguza kulala bila kukuvunja mgongo kwenye barabara iliyonyooka.

Mwisho kabisa, springi. Ziwe ngumu kuliko za kiwanda kwa asilimia 20 hadi 30, zishushe sentimita 2, basi, tena juu ya shokapu zinazoziweza. Na anayeshiriki otokrosi ya vumbi asishushe hata sentimita moja.

Orodha hii haina rangi ya dhahabu na haipigwi picha vizuri. Najua. Lakini karibu yote iko Kenya na Tanzania, hamnihitaji mimi wala kontena.

Nimalizie na kilichonifanya niandike kwa hasira. Mdogo wangu wa Arusha ni mmoja wa wale kumi na mmoja. Gari lake hilo la mashindano ndilo linalompeleka mama kliniki kila mwezi, mgongo wake mnaujua. Ndilo linalobeba watoto watatu kiti cha nyuma asubuhi. Mashindano ni Jumapili chache kwa mwaka, siku zilizobaki zote ni mashimo, matuta na watu wanaotuamini kwa sababu hawajui kilichofungwa chini ya viti vyao. Dereva amechagua mwenyewe. Mama hakuulizwa.

Kwa hiyo shokapu ichaguliwe kwa barabara unayoipita kila siku na kwa watu unaowabeba, siku ya mashindano upunguze upepo, uongeze akili, ukubali kushindwa kwa sekunde mbili. Mdogo wangu, hela yako imerudi kwenye simu yako. Nimeongeza kidogo ya bushi. Mpeleke fundi, na ukishamaliza mpandishe mama gari umwulize yeye kama limekuwa zuri.

Wanaopinga waje na hesabu zao, nazisubiri. Naomba kuwasilisha.