Kabla ya kugusa simu, kisia kwanza

Kwa mchezo wa bakigamoni nakubali: programu ya simu inamzuia mchezaji mgeni kufanya hatua zisizoruhusiwa, naye anazishika sheria upesi. Lakini kwa igisoro, ndugu wa bao na mchezo wa majirani zetu Rwanda, simu inaficha kilicho bora. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, kete 64, na hakuna dadu hata moja. Ukisambaza kete shimo kwa shimo na ya mwisho ikaangukia shimo lenye kete, nawe hukuteka, unaokota zote na kuendelea. Mzee anaufuata mzunguko huo kwa macho kabla hajanyoosha mkono. Simu inaumaliza kwa sekunde, kijana anaona matokeo tu, njia haioni. Hilo linanisikitisha sana.

Ninawaomba vijana wa hapa mtaani kwetu Katoyi: punguzeni kasi ya programu, mkisie shimo la mwisho, ndipo mguse. Na msingoje ubao wa kuchongwa. Kuchimba mashimo kwenye mawe haya ya volkano ni kazi, basi choreni duara kwa makaa juu ya sementi, mchukue maharage ya mama yawe kete.