BUSTANI YA NYUMBANI: Majani ya Rangi Kivulini

Mwezi huu twataka kusema habari za mmea mmoja upendao kivuli, wenye majani mapana mfano wa moyo, meupe yenye mishipa ya kijani, au mekundu katikati. Wataalamu huuita kaladiumu, na asili yake ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Sisi nyumbani tuliuita gimbi la rangi, na jina hilo ndilo lililotuponza.

Chini ya mwembe, au penye ukuta usiopigwa na jua la adhuhuri, ndipo mahali pake. Kiazi hufukiwa kiasi cha inchi 2 katika udongo mwororo wenye samadi iliyooza, wala maji yasituame. Lakini kivuli nacho kisizidi. Pale jani lilipo jeupe hapana ukijani, nao ukijani ndio mpishi wa mmea, apikaye chakula kwa nuru ya jua. Basi jani jeupe ni kama nyumba yenye wapishi wachache: gizani mmea hudhoofu, vikonyo vikarefuka, juani weupe huungua. Jua kidogo la asubuhi latosha. Wakati wa kiangazi majani hunyauka yote. Msiung'oe mkidhani umekufa, kiazi kimelala tu.

Sasa tuungame kosa letu. Tuliupanda karibu na jiko, ubavuni mwa magimbi ya kula. Siku moja binti mgeni alitumwa kuchuma mboga, akachuma na majani ya rangi, na mdogo wake akatafuna kikonyo. Mtoto akalia, mate yakamtoka, midomo ikavimba. Ndani ya mmea huo mna chembe nyembamba kama sindano, zichomazo kinywa na koo. (Hata magimbi ya kula yanazo, ndiyo sababu hupikwa sana.) Tulimsukutua kinywa, tukampa maziwa baridi, wala hatukumtapisha. Jioni alikuwa akicheza. Lakini mtoto akiona shida kupumua au kumeza, msingoje. Mpelekeni hospitali mara moja.

Nanyi waalimu mnaopamba ua wa shule, msiupande wachezapo wadogo, na mkiukata osheni mikono, maana utomvu wake huwasha.

Wetu tumeuhamisha mbele ya nyumba, mbali na jiko. Hatuuiti gimbi tena. Watoto wameupa jina la majani ya sindano.