Ombi la Kujenga Kando ya Njia

Si aibu kuwaomba wakuu wa mji ruhusa ya kujenga nje ya kipimo cha sheria. Aibu ni kuomba pasipo hoja. New York ilipotunga sheria yake ya ujenzi mwaka 1916, iliweka pia halmashauri ya kusikiliza maombi ya namna hiyo, kwani viwanja havifanani.

Tutazame Mji Mkongwe wa Unguja. Vichochoro vyake ni vyembamba, na nyumba zimesimama ukingoni mwa njia. Ukuta huleta kivuli, na baraza huwa kiti cha mpitaji. Mtu akilazimishwa kurudisha nyumba nyuma katika mtaa kama huo, njia hupata pengo la jua kali, wala aendaye kwa miguu hafaidi kitu. Hapo ombi lina haki. Lakini aombaye apate mahali pa motokaa yake, huyo ataka kuwanyang'anya wenzake njia.

Basi, ndugu zetu, mwandikapo ombi, onyesheni kwa ramani kasoro ya kiwanja, si upungufu wa mfuko; ombeni kadiri ya haja, msizidishe; na majirani waulizwe kwanza. Nasi tulio makarani wa afisi hizo, yatupasa kulijibu upesi na kwa haki, pasipo kutazama uso wa mtu.