MAONI YETU: Usingizi wa wananchi nao una haki

Mtu apitaye Darajani kuelekea Michenzani wakati wa jioni hana haja ya kuelezwa kwamba mji wa Zanzibar umekua. Masikio yake yatamweleza. Honi za daladala, sauti za makondakta, pikipiki zilizotobolewa mabomba ya moshi, vipaza sauti vya wachuuzi na muziki wa majumba ya starehe, vyote huvuma kwa pamoja, na vingine haviachi hata usiku wa manane.

Hatusemi kwamba mji unyamaze. Mji ulio kimya ni mji uliokufa, na riziki za watu wengi zimo katika shughuli hizo. Wala hatuzungumzii adhana, ambayo ni wito wa dakika chache. Taarab nayo si ngeni kwetu. Nadi Ikhwan Safaa iliasisiwa mwaka 1905. Tunazungumzia kelele isiyo na faida, au iliyozidi haja yake.

Wako wanaodhani kuwa malalamiko haya ni ya watu wasiouzoea mji. Sivyo. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sauti chumbani usiku isizidi desibeli 30 ili mtu alale vyema, na darasani isizidi desibeli 35. Na desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila zinapoongezeka 10, nguvu ya sauti huwa mara kumi. Mwaka 2018 shirika hilo lilizihusisha kelele za barabarani na maradhi ya moyo. Masikio huzoea, lakini mwili hauzoei.

Ni nani basi anayeumia? Ni muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, mvuvi anayetaka kuwahi bahari alfajiri, mtoto mchanga, mgonjwa, na mwanafunzi aliyekabiliwa na mtihani.

Kuta nene za mawe na chokaa za Mji Mkongwe huzuia sauti nyingi, na ua wa ndani huleta hewa pasipo kufungua dirisha la njiani. Lakini nyumba nyingi za Ng'ambo ni za matofali ya saruji, na katika joto letu kufunga dirisha ni kubadilisha kelele kwa jasho. Mwenye nafasi na ahamishie kitanda upande wa uani, atundike pazia zito na azibe nyufa za mlango. Hiyo ni nafuu, si dawa.

Dawa ni kuizuia kelele huko inakotoka. Unguja ilipokosa umeme kwa miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, mji uliunguruma kwa majenereta, na wananchi wakavumilia kwa kuwa ilikuwa ni dharura. Umeme uliporudi, ngurumo ile ilinyamaza. Kelele za leo si za dharura, basi hapana sababu ya kuzivumilia.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika watimize mambo matatu. Kwanza, polisi wa barabarani wakague mabomba ya moshi kama wanavyokagua leseni na taa. Pili, Baraza la Manispaa linapotoa kibali cha kipaza sauti au cha starehe litaje saa ya kufunga, na lisiruhusu vitu hivyo karibu na hospitali na skuli. Tatu, masheha wapewe njia ya wazi ya kupeleka malalamiko, na mlalamikaji ajibiwe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2015 ipo. Inayohitajika ni mikono ya kuitekeleza.

Nasi wananchi tusingoje askari. Dereva anayepiga honi kumwita abiria saa tano za usiku anawaamsha watoto wa mtaa mzima, na huenda wa kwake yumo.

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Maneno juu ya jambo hili yametosha.